Ratiba ya nani ngumu zaidi? Mwongozo kamili wa kubishana kwa hesabu kuhusu futiboli ya vyuo Marekani

Jumapili ya Desemba 8, 2024, kamati ya uteuzi ilitangaza timu 12 za mtoano wa futiboli ya vyuo (ile ya Kimarekani, si soka). Indiana, iliyoshinda mechi 11 na kupoteza moja, iliingia. Alabama, iliyoshinda 9 na kupoteza 3, ikawa timu ya kwanza kuachwa nje. Sisi tunaishi Indianapolis. Tangazo halijaisha, simu ikaita. Shemeji yangu wa Birmingham, mtu wa Alabama tangu siku ya kwanza alipofika Marekani, hakunipa hata nafasi ya salamu: "Shemeji, hebu niambie, hiyo timu yako imecheza na nani?"

Nilijibu kwa sauti kubwa, naye akaongeza yake. Tukamaliza saa nzima bila yeyote kumwonyesha mwenzake kitu. Usiku ule nilichukua daftari na kuandika ratiba zote mbili, mechi kwa mechi, na nilichokiona kilinishangaza. Mwongozo huu umetoka kwenye daftari hilo. Nitatumia Indiana na Alabama za 2024 kama mfano kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu msimu ule umeisha na namba zake hazibadiliki tena. Njia yenyewe unaweza kuitumia kwa timu zozote mbili.

Kwanza, ubishi huu unatoka wapi

Msomaji aliyezoea soka anaweza kuuliza kwa nini watu wagombane kuhusu ratiba. Ligi Kuu ya Tanzania Bara ina timu 16, kila moja inacheza mechi 30, nyumbani na ugenini na kila mwenzake. Simba anaweza kulalamika kwamba mwezi wake wa Februari ni mgumu kuliko wa Yanga, lakini msimu ukiisha wote wawili wamepita njia ileile. Jedwali ni hakimu.

Futiboli ya vyuo haina hakimu huyo. Mwaka 2024 daraja la juu, linaloitwa FBS, lilikuwa na timu 134, na karibu kila timu ilicheza mechi 12 tu kabla ya fainali za konferensi. Konferensi ni kundi la vyuo vinavyocheza pamoja kama ligi ndogo, na hata humo ndani hawakutani wote. Big Ten, konferensi ya Indiana, ilikuwa na timu 18 na kila moja ilicheza mechi 9 za konferensi, kwa hiyo kila timu iliwakosa wenzake 8. SEC, konferensi ya Alabama, ilikuwa na timu 16 na mechi 8, kwa hiyo kila timu iliwakosa 7. Indiana haikukutana na Oregon wala Penn State. Alabama haikukutana na Texas wala Ole Miss. Bahati ya kuwakosa vigogo ipo pande zote, na ni jambo la kwanza la kumkumbusha mtu anayedhani ni ya mpinzani wake peke yake.

Ndiyo maana kamati ya watu 13 hukaa chumbani na kupiga kura. Kati ya 2014 na 2023 ilichagua timu 4, kuanzia 2024 ikawa 12. Ugumu wa ratiba ni miongoni mwa mambo inayotakiwa kuyapima, pamoja na ubingwa wa konferensi, matokeo ya timu zilizokutana zenyewe, na matokeo dhidi ya wapinzani wanaofanana.

Hatua ya kwanza: kubalianeni swali kabla ya majibu

Hapa ndipo ubishi mwingi unapoharibika. Watu wawili wanatumia neno moja, "ngumu", huku kila mmoja akiwa na maana yake. Kuna maswali matatu tofauti.

La kwanza: wapinzani wa timu hii, kwa jumla, ni wazuri kiasi gani? La pili: ni vigumu kiasi gani kwa timu bora kumaliza ratiba hii bila kupoteza? La tatu: kwa ratiba hii, rekodi waliyopata ni nzuri kuliko ambayo timu nyingine nzuri ingepata?

Yanafanana kwa sura tu. Tuchukue mfano wa kubuni. Ratiba A ina vigogo wawili ambao timu bora ina nafasi ya asilimia 50 kumshinda kila mmoja, na vibonde kumi ambao nafasi ni asilimia 98. Ratiba B ina timu kumi na mbili za kati, kila moja nafasi ya asilimia 90. Ukijumlisha, ratiba zote mbili zinaipa timu hiyo ushindi 10.8 kwa makadirio. Ziko sawasawa kabisa. Lakini nafasi ya kumaliza bila kipigo ni kama asilimia 20 kwenye A na asilimia 28 kwenye B. Kwa mwenye ndoto ya kushinda zote 12, A ni ngumu zaidi.

Sasa ipeleke timu dhaifu kwenye ratiba hizohizo. Kwenye A inapoteza kwa vigogo wawili, kisha inakutana na vibonde kumi wa saizi yake. Kwenye B kila Jumamosi ni mlima. Kwa timu dhaifu, B ndiyo ngumu. Ratiba hazikubadilika hata kidogo, aliyebadilika ni anayezicheza. Kwa hiyo mtu akikuambia ratiba fulani ni ngumu, muulize: ngumu kwa nani, na kwa lengo gani? Msipokubaliana hapo, ahirisheni.

Hatua ya pili: andika ratiba zote mbili kwenye karatasi

Usitegemee kumbukumbu. Kumbukumbu ya shabiki hubakiza mechi tatu kubwa na kusahau tisa zilizobaki. Andika wapinzani wote 12, mahali pa mechi, na rekodi ya kila mpinzani (ushindi kwanza, kisha vipigo) mwisho wa msimu wa kawaida. Tumia msimu wa kawaida peke yake, bila fainali za konferensi wala mechi za boli (za ziada baada ya msimu) za Desemba na Januari, ili kila timu iwe na mechi 12 na hesabu ilingane.

Indiana, nyumbani: FIU (4-8), Western Illinois wa daraja la chini la FCS, Charlotte (5-7), Maryland (4-8), Nebraska (6-6), Washington (6-6), Michigan (7-5), Purdue (1-11). Ugenini: UCLA (5-7), Northwestern (4-8), Michigan State (5-7), Ohio State (10-2).

Alabama, nyumbani: Western Kentucky (8-4), South Florida (6-6), Georgia (10-2), South Carolina (9-3), Missouri (9-3), Mercer wa FCS, Auburn (5-7). Ugenini: Wisconsin (5-7), Vanderbilt (6-6), Tennessee (10-2), LSU (8-4), Oklahoma (6-6).

Kabla ya kupiga hesabu yoyote, angalia tu. Indiana nyumbani mara 8, ugenini 4. Alabama nyumbani 7, ugenini 5. Mpinzani mmoja tu wa Indiana alishinda mechi zaidi ya 7. Mimi ni shabiki wa Indiana na nilipoona hilo kwenye daftari langu mwenyewe nilikaa kimya kidogo.

Hatua ya tatu: asilimia ya wapinzani, na kosa la kuepuka

Kipimo cha zamani zaidi ni rahisi: jumlisha ushindi wa wapinzani wote, gawanya kwa mechi walizocheza. Timu ya FCS iweke kando, maana rekodi yake imepatikana dhidi ya watu wengine kabisa.

Wapinzani 11 wa FBS wa Indiana walishinda 57 na kupoteza 75. Hiyo ni asilimia 43.2. Wa Alabama walishinda 82 na kupoteza 50, asilimia 62.1.

Sasa kosa. Ndani ya namba hizo zimo mechi za Indiana na Alabama zenyewe. Timu ikimfunga mpinzani inampunguzia rekodi, kisha tunaihukumu kwamba mpinzani wake ana rekodi mbaya. Ni kama kumpiga mtu halafu kumcheka kwa kuvimba uso. Toa mechi hizo. Indiana ilishinda 10 kati ya hizo 11, kwa hiyo wapinzani wake dhidi ya watu wengine walikuwa 56-65, asilimia 46.3. Alabama ilishinda 8 na kupoteza 3, kwa hiyo wapinzani wake walikuwa 79-42, asilimia 65.3. Katika mfano huu pengo limebaki karibu lilelile, pointi 19 za asilimia. Lakini ukilinganisha timu isiyoshindwa na timu iliyopoteza tano, marekebisho haya yanaweza kubadilisha kabisa nani yuko juu. Fanya kila mara.

Kwenye swali la kwanza, basi, hakuna mjadala. Ratiba ya Alabama ilikuwa ngumu zaidi, tena kwa mbali. Ukiwa upande wa Indiana, likubali hilo mapema. Heshima utakayopata hapo utaihitaji baadaye.

Hatua ya nne: 8-4 si lazima iwe sawa na 8-4

LSU ilimaliza 8-4. Western Kentucky ilimaliza 8-4. Kwenye hesabu ya hatua ya tatu ni wapinzani sawa. Alabama iliwafunga Western Kentucky 63-0 nyumbani, na LSU 42-13 ugenini Baton Rouge. Kila anayefuatilia anajua mechi hizo hazikuwa na uzito mmoja: Western Kentucky ilizikusanya nyingi ya 8 zake ndani ya Conference USA, konferensi ndogo, LSU ndani ya SEC.

Dawa ya kawaida ni kushuka ngazi moja: wapinzani wa wapinzani. Mfumo wa BCS ulioanza 1998, uliochagua timu mbili za fainali kabla ya kamati kuwapo, ulipima ratiba kwa kuchukua theluthi mbili kutoka rekodi za wapinzani na theluthi moja kutoka rekodi za wapinzani wa wapinzani. Kipengele hicho kilitolewa mwaka 2004. Kwa mkono ni kazi ndefu sana, na sikushauri uifanye kwa timu zote. Ifanye kwa mpinzani mmoja au wawili mnaobishana juu yao.

Njia nyingine ni ukadiriaji wa nguvu, kama FPI ya ESPN au SP+ ya Bill Connelly. Hizi haziangalii tu nani alishinda, zinaangalia timu ilichezaje, kisha zinakadiria ingeshinda au kushindwa kwa pointi ngapi dhidi ya timu ya wastani. Ni nzuri, na mimi huzitazama kila wiki. Lakini mwanzoni mwa msimu zinategemea sana makadirio ya kabla ya mechi kuchezwa. Usizitumie kama ushahidi wa mwisho mwezi wa Septemba.

Kuna kitu kimoja cha ndani zaidi ambacho wabishi wengi hawakioni. Ndani ya konferensi, kila ushindi wa mmoja ni kipigo cha mwenzake. Mechi za ndani, kwa jumla, daima ni nusu kwa nusu. Kinachoifanya konferensi ionekane imara kwenye asilimia ni mechi za nje. Konferensi yenye mechi 8 za ndani na 4 za nje ina nafasi ya kula vibonde wengi kuliko yenye 9 na 3. Ndiyo maana watu wa Big Ten walilalamika kwa miaka mingi kuhusu SEC, na malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Agosti 2025 SEC ilitangaza kwamba kuanzia 2026 itacheza mechi 9 za ndani. Kwa timu 16, mechi moja zaidi kwa kila timu ni mechi 8 mpya, na hizo ni vipigo 8 ambavyo lazima viiangukie SEC yenyewe kila mwaka. Rekodi za 9-3 zitakuwa adimu kidogo, na hesabu ya asilimia ya timu za SEC itashuka bila timu kuwa mbaya. Ukilinganisha 2026 na 2024, kumbuka hilo.

Hatua ya tano: gawanya wapinzani katika makundi

Wastani unaficha. Hii ndiyo hatua iliyobadilisha mazungumzo yetu na shemeji, kwa hiyo nitakaa hapa.

Gawanya wapinzani wa FBS katika makundi matatu kwa rekodi ya msimu wa kawaida: vigogo (ushindi 9 au zaidi), timu za kati (6 hadi 8), na vibonde (5 kushuka chini).

Alabama: vigogo 4, timu za kati 5, vibonde 2.
Indiana: kigogo 1, timu za kati 3, vibonde 7.

Mpaka hapo shemeji alikuwa anacheka kwenye simu. Lakini endelea. Andika matokeo ndani ya kila kundi.

Alabama dhidi ya vigogo: iliifunga Georgia 41-34, South Carolina 27-25, Missouri 34-0, ikapoteza kwa Tennessee 24-17. Ushindi 3, kipigo 1. Hiyo ni kazi kubwa, na sitaidharau. Dhidi ya timu za kati: iliifunga Western Kentucky, South Florida na LSU, ikapoteza Vanderbilt 40-35 na Oklahoma 24-3. Zote mbili zilimaliza 6-6.

Tazama vizuri. Alabama ilikuwa na ratiba ngumu, lakini vipigo viwili kati ya vitatu havikutoka kwenye sehemu ngumu ya ratiba. Mtu anayesema "tulipoteza tatu kwa sababu ratiba yetu ni ngumu" anatakiwa aeleze Vanderbilt na Oklahoma. Ugumu wa ratiba unaweza kueleza Tennessee. Hauelezi 24-3 mjini Norman, kwao Oklahoma.

Indiana dhidi ya vigogo: 0-1, ilifungwa na Ohio State 38-15. Dhidi ya wengine wote wa FBS: 10-0, na karibu zote kwa tofauti kubwa. Iliifunga Nebraska 56-7, Michigan State 47-10 ugenini, Purdue 66-0. Mechi ya karibu zaidi ilikuwa Michigan, 20-15. Indiana ilimfunga kila iliyepaswa kumfunga. Swali lililobaki, na ni swali halali, ni kama ingeweza kumfunga yeyote mwingine. Nafasi ya kulijibu ilikuwa moja tu, na ilishindwa.

Hatua ya sita: mahali, mapumziko na safari

Hapa nitapita haraka, kwa sababu watu huongeza chumvi. Uwanja wa nyumbani una thamani ya takribani pointi mbili hadi tatu. Ni kitu, lakini hakimgeuzi kibonde kuwa kigogo.

Mapumziko yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2024 kalenda ilizipa timu nyingi wiki mbili za mapumziko. Angalia ziliangukia wapi, na angalia pia za mpinzani. Alabama iliifunga Georgia usiku wa Septemba 28, mechi iliyowanyonya nguvu kabisa. Wiki iliyofuata ikaenda Nashville kucheza na Vanderbilt, ambao Jumamosi ile walikuwa wamepumzika. Alabama ilikuwa namba moja nchini, na Vanderbilt haikuwa imeifunga tangu 1984. Shemeji ana hoja hapo, nami nilimpa. Upande wa pili, Indiana ilipumzika wiki moja kamili kabla ya kwenda Ohio State, na bado ikafungwa kwa pointi 23. Mapumziko si dawa ya kila kitu.

Safari imekuwa jambo jipya tangu vyuo vya pwani ya magharibi viingie Big Ten mwaka 2024. UCLA msimu ule ilisafiri Hawaii, Louisiana, Pennsylvania na New Jersey kabla Oktoba haijaisha. Kama mpinzani wako alikutana na timu iliyochoka namna hiyo, iandike pembeni. Na kimo nacho kipo: uwanja wa Wyoming mjini Laramie uko mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, kimo cha nchi ya wakimbiaji wa Bonde la Ufa. Anayetoka Florida kwenda kule anakijua kifua chake ifikapo robo ya nne.

Majeruhi pia. Kucheza na timu ambayo kwotabeki wake, mchezaji anayeongoza mashambulizi, ameumia si sawa na kucheza nayo ikiwa kamili. Lakini kanuni hii iwe ya pande zote. Indiana iliifunga Washington 31-17 huku kwotabeki wake mwenyewe, Kurtis Rourke, akiwa nje kwa jeraha la kidole gumba.

Hatua ya saba: timu ya mfano

Sasa tunafika kwenye swali la tatu, lile ambalo kwa maoni yangu ndilo la kweli kila Desemba. Hatuulizi tena ratiba ya nani ngumu. Tunauliza: timu nzuri ya kawaida, iliyo karibu na nafasi ya kumi au kumi na mbili nchini, ingepata ushindi ngapi kwenye kila ratiba?

Kila kundi lipe nafasi ya kushinda kwa timu hiyo ya mfano. Makadirio yangu ni haya, na una uhuru wa kuyabadilisha: kigogo nyumbani asilimia 50, ugenini 35. Timu ya kati nyumbani 80, ugenini 70. Kibonde nyumbani 95, ugenini 90. Timu ya FCS ihesabu kama ushindi mmoja kamili.

Indiana: FCS 1, Ohio State ugenini 0.35, timu tatu za kati nyumbani 2.4, vibonde wanne nyumbani 3.8, vibonde watatu ugenini 2.7. Jumla 10.25.

Alabama: FCS 1, vigogo watatu nyumbani 1.5, Tennessee ugenini 0.35, timu mbili za kati nyumbani 1.6, tatu ugenini 2.1, Auburn nyumbani 0.95, Wisconsin ugenini 0.9. Jumla 8.4.

Kwa hiyo ratiba ya Alabama ilikuwa ngumu kwa karibu ushindi mbili, 1.85 kwa usahihi. Indiana ilishinda 11, yaani 0.75 juu ya timu ya mfano. Alabama ilishinda 9, yaani 0.6 juu.

Nilipoiona namba hiyo mara ya kwanza niliirudia mara tatu. Baada ya kelele zote, timu hizi mbili zilikuwa karibu sawa, na Indiana mbele kwa unywele. Ratiba ilieleza karibu tofauti yote ya rekodi, na ile rekodi bora ya Indiana ilifidia ratiba yake laini, kwa kiasi kidogo tu cha ziada.

Usiishie hapo. Tikisa makadirio uone kama jibu linasimama. Western Kentucky na South Florida niliziweka timu za kati kwa sababu ya rekodi zao, lakini zote ziko kwenye konferensi ndogo. Ukizihamishia kwa vibonde, Alabama inapata 8.7 na ziada yake inashuka hadi 0.3. Kwa upande mwingine, ukishusha nafasi ya kumshinda kigogo nyumbani hadi asilimia 40, Alabama inashuka hadi 8.1 na ziada yake inapanda hadi 0.9, ikaipita Indiana. Hapo ndipo ubishi mzuri unapoanza: je, timu kama South Carolina nyumbani ni asilimia 50 au 40? Hilo ni swali mnaloweza kulijadili mkiwa mnaangalia mechi ileile, badala ya kurushiana majina ya konferensi.

Kamati yenyewe imeelekea huku. Agosti 2025 waendeshaji wa mtoano walitangaza kwamba kipimo chao cha ratiba kitatoa uzito zaidi kwa mechi dhidi ya wapinzani imara, na wakaongeza kipimo cha nguvu ya rekodi, yaani swali letu la tatu.

Hoja za kukataa ukizisikia

"Tulimfunga namba 10!" Namba 10 ya lini? Agosti 24, 2024, Georgia Tech iliifunga Florida State mjini Dublin, Ireland, 24-21. Florida State ilikuwa namba 10 siku hiyo. Ilimaliza msimu 2-10. Nafasi ya siku ya mechi ni makisio. Tumia rekodi ya mwisho.

"Sisi tulimfunga Michigan, Michigan alimfunga Ohio State, kwa hiyo sisi ni zaidi ya Ohio State." Mnyororo wa namna hii unaweza kumpeleka yeyote popote. Michigan kweli iliifunga Ohio State 13-10 mjini Columbus, na Indiana kweli iliifunga Michigan. Lakini Ohio State iliifunga Indiana kwa pointi 23, kisha ikatwaa ubingwa wa taifa Januari 20, 2025 kwa kuifunga Notre Dame 34-23. Notre Dame hiyohiyo ilikuwa imepoteza nyumbani kwa Northern Illinois, 16-14, mwezi wa Septemba. Mechi moja ni mechi moja.

"Ratiba yenu mmejipangia." Hii ipime kwa haki. Mechi za konferensi hupangwa na konferensi, timu haina sauti. Zinazochaguliwa na chuo ni za nje tu, na mara nyingi mikataba yake hutiwa saini miaka kadhaa kabla. Indiana ilichagua FIU, Western Illinois na Charlotte, zote nyumbani, na kwa hizo tatu inastahili lawama. Alabama ilichagua mechi nne, na moja ilikuwa safari ya Wisconsin. Pointi kwa Alabama. Lakini Mercer katikati ya Novemba, wiki moja kabla ya Oklahoma, nayo ilichaguliwa.

"Waliingia wakafungwa, kwa hiyo hawakustahili." Indiana ilifungwa na Notre Dame 27-17 kwenye raundi ya kwanza, na shemeji alipiga simu tena. Siku kumi na moja baadaye, Desemba 31, Alabama ilicheza boli na Michigan, timu ambayo Indiana iliifunga, ikapoteza 19-13. Sikupiga simu. Matokeo ya baadaye hayabadilishi kilichojulikana Desemba 8, na nikikataa hoja hiyo kwake sina haki ya kuitumia mwenyewe.

Kwa msimu unaofuata

Ratiba ikitoka, usisubiri Desemba. Mwezi wa Agosti gawanya wapinzani wa timu yako katika makundi matatu kwa makisio yako, andika nafasi ya kila mechi, jumlisha, na umpelekee mbishi wako ukurasa wote akiwa bado hana matokeo ya kujitetea nayo. Naye akuletee wake. Kila Jumapili andika rekodi mpya za wapinzani kwa penseli, na mpinzani akihama kundi, mhamishe hata kama inakuuma. Ifikapo wiki ya kumi utaona mwenyewe makisio yako ya Agosti yalipotea wapi.

Mimi na shemeji sasa tuna daftari moja kila mmoja, la rangi moja, alilonunua yeye.